Mchoreni na Mbeba Mkaa
Barua ya wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu wakuza mitaala,

Nawaandikia kutoka Sumbawanga kuhusu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililokuja na mtaala ulioboreshwa wa 2023. Somo nimelipokea kwa furaha, hasa kwa kuwa linafundishwa kwa Kiswahili. Ombi langu ni kitabu cha ziada: historia ya nchi hii iliyochorwa kwa katuni, yenye fremu na viputo vya maneno, ikianza na waliobeba mizigo na kuwaacha watoa amri wasubiri zamu yao. Na ninaomba sura ya kwanza ichorwe huku Ufipa.

Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo nazijua sentensi ambazo kitabu kimoja hukirithisha kingine bila mtu kuzigusa. Ya kwetu ni hii: miongoni mwa jamii zilizofua chuma kabla ya ukoloni ni Wafipa. Mtoto anaikariri, inatoka kwenye mtihani, anapata alama yake, yameisha. Sasa ichukueni sentensi hiyohiyo mmpe mchoraji, mwambieni aichore. Hataweza kuanza kabla hajauliza. Wafipa gani? Walikuwa wangapi? Walisimama wapi, walishika nini, nani alikuwa amekaa?

Nawaeleza nilivyoelewa kazi yenyewe. Tanuri kubwa la Kifipa, ambalo mabaki yake bado yanaonekana wilayani Nkasi na watafiti wanayaita malungu, lilijengwa kwa udongo likapanda kiasi cha mita 3. Halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikavutwa juu na joto. Mkaa na mawe ya chuma vilimiminwa kutoka juu, tabaka juu ya tabaka, na moto ukaachwa uwake siku kadhaa. Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Lilikuwa bonge chafu, likapelekwa kwenye tanuri dogo linaloitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto iliposikika. Baada ya hapo mhunzi akapata kitu cha kugonga. Tanuri jipya lilihudumiwa kama bibi harusi, na mafundi walitakiwa wakae mbali na wake zao mpaka kazi iishe.

Mchoraji anayetaka kuonyesha mkaa ukimiminwa kwenye mdomo wa tanuri ulio juu ya vichwa vya watu, hana budi kuchora ngazi au jukwaa. Akishachora ngazi, lazima awepo mtu chini anayekabidhi kikapu. Nyuma ya huyo kuna njia inayotoka porini, na njiani kuna watu wenye vikapu vingine, maana tanuri la ukubwa ule halikushibishwa na kikapu kimoja. Kuna aliyekata miti. Kuna aliyekesha kuulinda moto. Kuna aliyepika, na hakuna fundi anayekaa siku kadhaa kwenye moto bila kula. Kwenye sentensi yetu watu wote hawa wamemezwa na neno moja, "Wafipa". Kwenye karatasi ya mchoraji kila mmoja anadai miguu, mikono na sura, na mwalimu anaulizwa na mtoto wa darasa la tano: "Huyu naye ni nani?" Swali hilo, ndugu zangu, sikuwahi kuulizwa nilipokuwa nikisoma sentensi darasani.

Utafiti upo tele, msiogope. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliufanyia kazi uhunzi wa kusini-magharibi kwa shahada yake ya uzamivu ya 1995, akaonyesha kwamba hata ndani ya Nkasi kulikuwa na teknolojia zaidi ya moja. Kapepwa Tambila aliandika historia ya mkoa wa Rukwa wa kuanzia 1870 hivi hadi 1940, tasnifu aliyoiwasilisha Hamburg 1981. Mwingereza Roy Willis alikaa na Wafipa miaka ya mwanzo ya 1960, akakusanya hadithi na masimulizi ya wazee. Mafaili yamejaa. Tatizo ni kwamba yameandikwa kwa Kiingereza cha wasomi na yamekaa mahali ambapo mwanafunzi wa Laela au Mtowisa hafiki. Kazi ya kuyateremsha ni yenu.

Najua kuna atakayesema katuni ni mambo ya kihuni, ya kusomea kwa kinyozi. Ndiyo, tumezisomea kwa kinyozi, na tumezielewa. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa ndani ya gazeti la Uhuru, gazeti la chama, na hakuna aliyesema chama kimeharibika. Jarida la Sani lilipewa jina kutokana na waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa kijana mbichi, aliwapa Watanzania akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili ambao mpaka leo mtu akitajwa kwa majina hayo hahitaji maelezo. Kisha akaja James Gayo na Kingo wake. Mnajua wahusika wa katuni hizo walikuwa nani? Walevi, makapera, wapangaji, matapeli, wake waliochoka, watu waliotoka kijijini kuja kutafuta maisha Dar es Salaam. Katuni ya Kiswahili imezaliwa ikiwatazama watu wa chini. Hamna haja ya kuagiza mtaalamu wa kuifundisha hilo.

Na kuna majirani waliokwisha tuonyesha njia. Nikisimama ufukweni mwa ziwa Tanganyika na kutazama magharibi, ng'ambo ni Kongo. Huko, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha kwao, kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumba za Wabelgiji. Fikirini: historia ya mji wa migodi inayosimuliwa na mpishi na boi, watu waliomwona bwana akiwa amevaa pajama! Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha 1990 pamoja na ufafanuzi wake. Huyohuyo Fabian, miaka ya 1973 na 1974, alikuwa akikutana mjini humo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyejitangaza kuwa mwanahistoria na akaichora historia ya Zaire nzima katika picha 101, kila moja akaieleza kwa Kiswahili. Wachoraji wa mji ule walikuwa wakiuza picha zao kwa watu wa kawaida. Ile ya mfungwa anayechapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji ilitundikwa sebuleni kwa watu wengi, wageni wakinywa bia chini yake.

Tshibumba hakuwa sahihi kila mahali. Alichanganya tarehe, na pengine aliamua makusudi kuchora lililopaswa kutokea. Mimi hilo halinikoseshi usingizi, ila najua ninyi mtaliuliza, kwa hiyo nalijibu kwa mfano wa kitabu kingine. Mwaka 2012 Trevor Getz na mchoraji wa Afrika Kusini, Liz Clarke, walitoa kitabu cha katuni kuhusu Abina Mansah, mwanamke wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyekwenda mahakamani 1876 kudai kwamba amefanywa mtumwa wakati utumwa umeshapigwa marufuku. Kesi alishindwa. Lakini karani aliandika maneno yake, karatasi zikabaki. Waandishi wakaweka katuni mbele, na nyuma yake wakaweka mwenendo wenyewe wa kesi, ili msomaji aweze kurudi na kumkagua mchoraji: hapa umeongeza, hapa umepunguza, hapa umemfanya hakimu mnene kuliko alivyostahili. Huko ndiko kufundisha historia. Na ningeongeza jambo moja la kwangu: kinachojulikana kichorwe kwa mstari mzito, kinachokisiwa kwa mstari wa nukta. Mtoto ataelewa mara moja, na ataanza kuuliza kwa nini wafalme wana mistari mizito na mama zao wana nukta.

Akina Abina wetu tunao. Katika eneo hili la kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19, waliishi wanawake kama Narwimba na Chisi, waliotekwa, wakahamishwa mikono, wakatafuta wenyewe njia ya kuokoka na kulea watoto wao. Walisimulia maisha yao kwenye misheni ya Wamoravian, na simulizi zikaandikwa. Meli, mtoto wa Kibisa aliyetekwa akiwa mdogo, alilelewa misheni ya Kawimbe, karibu kabisa na mpaka wetu. Mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya habari zao kwenye kitabu cha 1993. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake mwenyewe, na kwa Kiswahili safi, kwa hiyo tunajua alivyoyaona mapigano na pembe za ndovu. Narwimba na Chisi walihitaji mtu mwingine ashike kalamu. Katika kitabu ninachokiomba, Tippu Tip apite kwa mbali, nyuma, akiwa mdogo kama kidole.

Hapa niwape fremu moja ambayo imeshachorwa. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kalambo. Vitabu vinamsimulia jenerali na askari wake zaidi ya 1,100. Lakini msafara uliofika pale ulikuwa na wapagazi na wanawake waliowazidi askari kwa idadi, watu waliotembea mpaka Msumbiji na kurudi wakiwa na mizigo kichwani. Upande wa Waingereza nako, wapagazi wa Rhodesia ya Kaskazini, tenga-tenga, walibeba vita hiyo mgongoni, na katika vita yote ya Afrika Mashariki wapagazi waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Ipo picha mashuhuri ya siku ile ya Abercorn. Chini yake huandikwa kwamba imechorwa na msanii Mwafrika, basi. Jenerali ana jina, cheo na tarehe ya kuzaliwa, na aliyemchora hana hata herufi ya kwanza. Kama kuna mahali pa kuanzia somo la historia kwa picha, ni hapo.

Kisha manamba, wale vibarua wa mashambani. Chini ya Waingereza, Ufipa ilifanywa ghala la vibarua. Vijana waliacha mashamba ya ulezi wakaenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine mbali zaidi, kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, chombo cha kuwasaka na kuwasafirisha vibarua kutoka mikoa ya mbali kama hii. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye siku 30 za kujazwa. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, siku imepotea ingawa jua umelipata lote. Mshahara wa mwezi ulikuja zikitimia siku 30 za kwenye kadi, ambazo kwenye kalenda zilikuwa nyingi zaidi.

Nani asiyeona kwamba kipande hicho tayari ni ukurasa wa katuni? Uchorwe ukurasa wenye fremu 30 ndogo. Ya kwanza: kijana anakata mkonge, miiba inamchoma. Ya pili: anafunga mafungu. Ya tatu ni tupu, anaumwa. Ya nne tupu. Ya tano anarudi shambani, nyapara anamtazama. Msomaji ataongoza kidole fremu hadi fremu akihesabu mwenyewe siku zilizolipwa na zisizolipwa, na hatahitaji aya ya kumweleza kwamba mfumo ule ulikuwa wa unyonyaji. Ukurasa wa pili, unaotazamana na huo, ni wa huku nyumbani: mkewe analima ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa ambayo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze kuwa mbolea, kisha tuta hutawanywa na kupandwa. Fremu zake ziwe ngapi? Mwachieni mchoraji. Ila mama huyo hakuwa na kadi ya kutiwa alama, na nadhani ukurasa wake usiwe na mistari ya fremu kabisa, kazi imwagike mpaka ukingoni.

Kuna pia habari ya Milansi, kitovu cha kale cha utawala wa Ufipa; naipitia kwa haraka kwa sababu wazee wataieleza vizuri kuliko mimi. Masimulizi yanasema mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kwamba baadaye, mtawala wa Milansi akiwa hayupo, walifika wanawake wageni wakaketi kwenye kiti chake na kukichukua. Ukoo wao ukatawala, ukaja kugawanyika Nkansi na Lyangalile, huku Milansi ikibaki na heshima yake ya kale. Upande mmoja unaisimulia kama ushindi, mwingine kama hila iliyofanywa mchana kweupe. Katuni inaweza kuziweka simulizi mbili sambamba, kushoto na kulia, bila kuamua. Aya ya kitabu cha kiada hushindwa kukaa kimya namna hiyo, ni lazima itoe hukumu.

Hapo naingia kwenye hofu zangu, na nitasema bila kuficha. Ya kwanza ni neno Maadili lililobandikwa kwenye jina la somo. Nina wasiwasi kwamba chini ya kila ukurasa wa katuni mtaweka kisanduku: "Tunajifunza nini?" Tafadhali, msiweke. Mtoto aliyemwona kibarua mwenye fremu tupu amekwisha jifunza, na kisanduku kitamwambia tu kwamba sasa ni wakati wa kukariri.

Ya pili ni mwaka 1974. Kuna kishawishi cha kutoka Uhuru na kurukia barabara za lami. Msiruke. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, na Operesheni Vijiji ikaingia kila wilaya. Sasa, Wafipa walikuwa tayari wakiishi katika vijiji vya nyumba zilizobanana. Wataalamu waliliandika hilo kabla ya Operesheni. Nawaomba fremu moja tu: ofisa mgeni amesimama mbele ya kijiji cha Kifipa akieleza faida za kuishi kijijini, na wanakijiji wanamsikiliza kwa adabu zote. Wazee wetu watacheka, halafu wataanza kusimulia yasiyochekesha, na mwalimu mwerevu atakaa kimya aandike.

Ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Mtanzania wa mbali akisikia Sumbawanga, akili yake inakimbilia uchawi, radi na ungo. Tumezoea, tunacheka nao, wengine hata wanaitumia sifa hiyo kuogofya wadai. Lakini mchoraji asiyewahi kufika huku, akipewa kazi akiwa Dar es Salaam na kutafuta picha kwenye intaneti, atatuchorea ungo. Atawavalisha wahunzi ngozi za chui zilizotoka kwenye filamu, na kijiji chetu kitafanana na kile cha kwenye tangazo la hifadhi ya wanyama. Mchoraji lazima aje. Aje akae, ashuke ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze aone bonde la Rukwa lilivyo, apande Nkasi ayaguse mabaki ya tanuri kwa mkono, aone udongo ule una rangi gani ukilowa.

Kuhusu gharama, sitaki tubishane sana. Kitabu kichapwe kwa wino mweusi, mistari safi. Sababu yake ni ya kawaida: katika shule nyingi, watoto wanagawana kitabu kimoja dawati zima, na mwalimu anayetaka kurasa zaidi anakwenda kutoa fotokopi pale stendi kwa fedha yake. Picha ya rangi ikipita kwenye mashine ile inatoka giza tupu, lakini mchoro wa wino unatoka kama ulivyoingia. Kitabu cha namna hiyo kitazaliana chenyewe hata mkichapa nakala chache. Na mtoto anaweza kukinakili kwa kalamu. Wengi watafanya hivyo, nyuma ya daftari la hesabu, na naomba msitume waraka wa kuwakataza.

Msimu mzuri wa kumtuma mchoraji ni Juni mpaka Oktoba, kabla mvua hazijaharibu njia za bondeni. Lami kutoka Tunduma ipo, mabasi yapo. Awe na koti.

Pia aje na fungu la kuwalipa wasimulizi. Mzee anayeacha shamba siku nzima ili aeleze jinsi babu yake alivyobeba mkaa, au mama anayeeleza alivyobaki na watoto 4 mumewe akiwa Tanga, anafanya kazi ileile ambayo mshauri mwelekezi analipwa posho ya siku kwa kuifanya hotelini. Asiondoke na soda. Na wale watakaoridhia, majina yao yaandikwe kwenye jalada, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la mchoraji na la Taasisi. Kama nafasi haitoshi, punguzeni nembo.

Wenu katika kazi ya ualimu,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Sumbawanga